Hela ya ubunifu wa kufundisha sio hela ya tableti

Kazi yangu hapa Tanga ni kukaa na wahadhiri wanaotaka kuomba ruzuku za miradi ya kufundisha kidijitali, tunapanga andiko pamoja kabla halijaenda kwa mfadhili au kwenye kamati ya chuo. Kazi naipenda sana tu. Ila kuna sentensi nikiisikia tena mwezi huu nafunga ofisi naenda zangu Raskazone kukaa baharini: "Ndugu yangu, kuna granti imetoka, tunataka tableti za darasa."

Haya. Za kufanyia nini? Hapo ndo mtu anaanza kunitazama kama mimi ndo sijaelewa swali.

"Ruzuku ya ubunifu ni ya kununulia vifaa"

Hii ndo mama wa dhana potofu zote ninazozisikia, kwa hiyo nivumilieni nitakaa nayo.

Andiko la mtu mwenye dhana hii unalijua ukianzia kwenye bajeti. Utakuta tableti, projekta, ubao janja, kamera na stendi yake, printa (mradi wa kidijitali printa ya nini sijui, ila haikosekani), halafu "mengineyo". Chini kabisa kuna mstari wa tathmini umewekewa hela ya karanga. Muda wa mwalimu haumo, msaidizi hayumo. Tatizo la wanafunzi limepewa aya moja inayoanza na "katika ulimwengu wa sasa wa sayansi na teknolojia", na aya hiyo ukiihamishia kwenye andiko la kilimo cha katani inakaa vilevile bila kubadilisha neno.

Ukweli ni kwamba mifuko ya aina hii inalipia jaribio. Mtoa hela anauliza, ukibadilisha namna unavyofundisha kitu fulani, wanafunzi wataelewa zaidi? Sapu, yaani mitihani ya marudio, zitapungua? Harvard mwaka 2011 walipata zawadi ya dola milioni 40 wakaanzisha mpango wao wa kuboresha ufundishaji, HILT, na sehemu ya kazi yake ikawa kuwapa walimu wao ruzuku za kujaribu mbinu mpya darasani. Sasa niambieni, Harvard walikuwa na uhaba wa kompyuta?

Kama unadhani vifaa peke yake vinafundisha, waulize Peru. Waligawa laptopu kwa wanafunzi kwa mamia ya maelfu chini ya ule mpango wa laptopu moja kwa kila mtoto, halafu tathmini iliyotoka 2012, iliyofanyika kwenye shule za msingi 319 za vijijini, haikuona nafuu yoyote kwenye matokeo ya hisabati wala lugha. Laptopu zilifika kweli na watoto walizitumia, lakini kufundisha kulibaki kulekule. Najua ni shule za msingi na sisi tunaongelea chuo, ila ugonjwa ni uleule.

Mfano wa chuo huu hapa, na huu ndo naupenda. Eric Mazur, mwalimu wa fizikia Harvard, mwanzoni mwa miaka ya 90 alianza kufundisha hivi: anaeleza kidogo, anatupa swali la kuchagua jibu, kila mwanafunzi anapiga kura peke yake, halafu anamgeukia jirani wanabishana, wanapiga kura tena. Baadae vikaja vidude vya kupigia kura kwa kubonyeza, vyuo vikanunua kwa fujo. Mwaka 2008 mtafiti mmoja wa Kanada, Nathaniel Lasry, akalinganisha, darasa moja linatumia vidude, lingine linanyanyua kadi za karatasi. Kwenye kuelewa hakukuwa na tofauti ya maana. Kilichofanya kazi ni swali zuri na ule ubishi wa jirani kwa jirani. Kidude kilimsaidia mwalimu kuhesabu kura haraka na kutunza rekodi, ambayo sio kazi ndogo kwenye darasa la watu mia tatu, ila hiyo iseme hivyo kwenye andiko, usiseme kidude kitaongeza uelewa.

Na kwamba kubadilisha mbinu kunalipa, hilo halina ubishi tena. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walikusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi, hisabati na uhandisi vyuoni, wakakuta madarasa ya mhadhara mtupu yanafelisha wastani wa asilimia 34 hivi, na yale ambayo mwanafunzi anashughulishwa ni 22 hivi. Hebu zipeleke hizo namba kwenye kozi yako ambayo kila mwaka nusu ya darasa inakamata sapu. Hilo ndo andiko. Mkuu wa idara mwenyewe atasaini huku amesimama.

Kwa hiyo mtu akija kwangu namtoa bajeti mkononi, naiweka pembeni, namwambia andika nusu ukurasa wa tatizo na ni marufuku kutaja kifaa chochote, hata simu. Wengine wananuna. Mhadhiri mmoja wa ualimu alikuja na "app" yake imeshapewa na jina, imechorewa na nembo. Tukakaa, nikamuuliza app inatibu nini. Tukachimba weee mpaka likatoka: wanafunzi wake wakienda mafunzo kwa vitendo Handeni na Kilindi huko, msimamizi anawafikia mara moja, maoni yake yanarudi mafunzo yakiwa yameisha, mwanafunzi anasoma makosa yake akiwa ameshapanda basi la kurudi. Sasa hilo ni tatizo. Na dawa yake haikuhitaji app. Mwanafunzi anajirekodi dakika tano za somo lake kwa simu, anatuma, msimamizi anamjibu kwa voisi ndani ya siku mbili akifuata vigezo vilevile vya karatasi ya tathmini, na wiki inayofuata mwanafunzi anarudia ile sehemu aliyoharibu. Bajeti ikageuka kabisa: bando za wanafunzi, posho ya wasaidizi wa kusikiliza na kujibu, siku za kukaa kuandaa vigezo, na hela ya maana ya kulinganisha kundi hili na kundi lililosimamiwa kizamani. Nembo ilibaki kwenye laptopu yake.

Sisemi usinunue kitu. Ila kama chuo chako ni cha umma kumbuka manunuzi yanapita NeST, ule mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, yana hatua zake, na nimeona vifaa vinaingia stoo semesta ikiwa imeshafungwa. Mradi unaotegemea boksi lifike ndo uanze, unasubiri boksi.

Nyingine hizi nazipita haraka.

"Hizi ni za watu wa TEHAMA." Hapana jamani. Mtu wa TEHAMA atakusaidia kuunganisha mitambo, hawezi kukuambia kwanini wanafunzi wa sheria hawaelewi mkataba. Maandiko yenye nguvu niliyowahi kushika mengi ni ya watu wa lugha, uuguzi, uhasibu, watu wanaoona wanafunzi wanakwama palepale kila mwaka. Fundi unamweka kwenye timu, mapema, sio siku ya kuwasilisha.

"Nitarekodi lekcha niweke kwenye Moodle, na madesa yote." Moodle, mfumo wa kuwekea masomo mtandaoni, ipo toka 2002 na ni ya bure, kupakia PDF humo ni kuhamisha stoo. Lekcha ya masaa mawili iliyomchosha mtu darasani ikirekodiwa inamchosha na bando juu.

"Siku hizi kila mwanafunzi ana simu janja." Wengi wanazo, wengine kitochi, na hao wenye simu janja waulize bando wiki ya tatu baada ya bumu (hela ya mkopo wa wanafunzi) kuisha. Jaribio lako ukilipima kwa wale waliokuwa hewani tu, umepima nani ana hela. Weka bando kwenye bajeti, tengeneza vitu vyepesi, sauti badala ya video inapowezekana, na viwe vya kudownlodi ili atakayepata intaneti chuoni aondoke navyo.

"HEET ipo, kwa hiyo hela ipo." HEET, mradi wa serikali wa kuimarisha elimu ya juu, ni mkopo wa Benki ya Dunia, dola milioni 425, ulianza 2021, unasimamiwa na Wizara ya Elimu na unapita kwenye mipango ya vyuo vyenyewe: majengo, mitaala, kusomesha walimu, mifumo. Kampasi ya Mzumbe huku kwetu Mkinga inatoka humo. Sio mfuko ambao mhadhiri mmoja anapeleka wazo lake anarudi na cheki. Na miito ya COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, ya kuomba ruzuku nayo ina vipaumbele vyake, soma mwito mpaka mwisho kabla hujaniletea andiko la kufundisha kwenye mwito wa viwanda.

"Mradi ukifeli nitadaiwa." Utadaiwa ukila hela au usipotoa ripoti. Matokeo mabaya ni matokeo. Chuo cha San Jose State kule Marekani mwaka 2013 walijaribu kozi za mtandaoni na kampuni ya Udacity, zaidi ya nusu ya wanafunzi wakafeli mitihani ya mwisho, wakasimamisha na wakasema hadharani, na dunia nzima ikajifunza kitu. Andiko linaloahidi mafanikio asilimia mia ndo linalotia shaka.

"Majina na maksi za wanafunzi wangu naziweka popote." Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inafanya kazi toka Mei 2023. Ukiwa unaingiza majina, namba za simu na maksi kwenye programu ya bure uliyoiona mtandaoni, jua zinakwenda wapi, omba ridhaa, na andika hivyo kwenye andiko. Sentensi mbili zinatosha, cha ajabu hakuna anayeziweka.

"Hela inaingia kwangu." Inaingia chuoni, mhasibu anaitunza, wewe unaomba masurufu (hela ya kufanyia kazi unayopewa kwanza) na unayarejesha na risiti, usiporejesha hupati mengine. Kwa hiyo mhasibu na afisa manunuzi waonyeshe bajeti kabla ya kutuma, wakuambie kipi hakitapita. Na barua ya mkuu wa idara ianze kutafutwa wiki mbili kabla, maana siku ya mwisho saa tisa mchana utaambiwa yuko safarini Dodoma.