Kasuku Anayepumua kwa Mkia Hana Mafua

Masika yakiingia Kisumu, simu huwa zinafanana: "Daktari, kasuku ana mafua, nimempa ile dawa ya unga ya kuku." Ukimtazama hapigi chafya wala hana kamasi. Mkia unapanda na kushuka kila anapopumua, na sauti imeanza kukwaruza. Hapo siulizi habari za baridi. Nauliza chini ya kizimba mmetandika nini.

Mara nyingi ni maranda yaliyolowa. Chakula nacho ni mahindi yenye ukungu, yale ambayo wenye nyumba wameyakataa. Humo hustawi kuvu ya Aspergillus, ambayo spora zake (mbegu zake ndogo mno) huelea hewani bila kuonekana. Ndege hana kiwambo, ule msuli wa kupumulia chini ya mapafu, kama chetu. Hewa hupita mapafuni na kuingia katika vifuko vya hewa, kwa kawaida 9, vilivyotanda hadi ndani ya baadhi ya mifupa. Vifuko hivyo vina mishipa michache sana ya damu, kwa hiyo kinga ya mwili huchelewa kufika, na dawa vilevile. Kuvu ikijishikiza kwenye kiungo cha sauti, msemaji hunyamaza.

Antibayotiki, kama zile za unga wa kuku, haziui kuvu. Huua bakteria wanaoshindana nayo. Kasuku wa kijivu (kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, unacho, natumaini) hupatwa sana, na itrakonazoli, dawa ya kuvu, humdhuru kirahisi. Usikisie kipimo. Tiba yenyewe huenda wiki, hata miezi.

Halafu kuna anayekataa kusimama kijitini, mnasema miguu imeshikwa na baridi. Mgeuze umtazame nyayo. Uvimbe mwekundu wenye kigaga ni kidonda cha kukandamizwa, kilichoingiwa na bakteria: amesimama miaka juu ya kijiti kimoja laini, akila alizeti tupu. Alizeti haina vitamini A ya kutosha, na upungufu huo hudhoofisha ngozi ya nyayo pamoja na utando wa njia ya hewa, ndiyo maana nyakati nyingine namkuta ndege mmoja na maradhi yote mawili.

Vinundu vyeupe kwenye viungo ni jambo jingine: jongo. Figo zimeshindwa kutoa asidi ya yuriki, ule weupe unaouona kwenye kinyesi. Usivitumbue, huvuja damu vibaya. Hapo kazi yangu kubwa ni kupunguza maumivu.

Tandika gazeti, ulibadilishe kila siku. Mkatie matawi ya mpera ya unene tofauti, na sukuma wiki ya jioni mgawie.