Una herufi, neno liko wapi?

Kazi yangu ni kuandaa orodha za maneno na programu ndogo za kuzitafutia: unaingiza herufi, unaletewa majibu. Ombi ninalolipata kila mara ni lilelile, "Nitafutie maneno yenye herufi hizi." Nami kabla ya kutafuta huuliza kwanza, ni kwa mchezo gani? Ombi hilo moja lina maana tatu, na kila maana ina njia yake.

Kwenye chemshabongo herufi zina mahali pake. Visanduku viko vitano, cha kwanza kina M, cha tatu na cha tano E. Hapo unatafuta umbo: mbele, mwewe, mtepe. Kwenye michezo ya kubahatisha neno la siku, kama Wordle ya Josh Wardle iliyovuma kuanzia mwaka 2021, unaweza kujua herufi imo bila kujua iko wapi, na unazijua ambazo hazimo. Kwenye Scrabble, mchezo wa kupanga maneno ubaoni kwa kete zenye herufi, una kete saba, basi. Ukiletewa maneno "yenye K na T" utapata lundo ambalo nusu yake huna kete za kuliandika.

Hili la tatu ndilo lenye ujanja. Kete saba zisizofanana zina mipangilio 5,040, na programu nzuri haijaribu hata mmoja. Inachofanya ni kuchukua kila neno la orodha na kuzipanga herufi zake kialfabeti, na mpangilio huo ndio unaokuwa ufunguo wa neno. Sita na tisa ufunguo wao ni mmoja, AIST. Lima, mila, mali, lami na imla zote ziko kwenye AILM. Ukipanga kete zako vivyo hivyo, majibu yako tayari. Ukikosa, unaondoa kete moja na kuangalia tena.

Sasa chukua A, A, I, K, M, T, U. Orodha inayotokana na kamusi itakupa tamka, kisha makuti, tumika na kitamu, matatu yenye herufi sita zilezile. Lakini liko pia la herufi zote saba: akituma. Kwenye kamusi hulikuti, kwa sababu kamusi inaandika tuma na kukuachia wewe nafsi na wakati. Zana nyingi za kutafutia maneno zimetengenezwa kwa lugha ambazo kitenzi kina maumbo machache, kwa hiyo orodha ikitosha kule, huku haitoshi. Kitenzi chetu kimoja, ukikiwekea nafsi, wakati, yambwa na mnyambuliko, kinazaa maumbo kwa maelfu. Na kumaliza kete saba kwa mkupuo kuna pointi 50 za ziada, kwa hiyo ugomvi hauko mbali. Kubalianeni kabla ya kuanza. Mimi huruhusu wingi wa nomino na mnyambuliko (tumia, tumika, tumana), ila viambishi vya nafsi na wakati nakataa. Vikiruhusiwa, karibu kila mkono una jibu refu na mchezo unageuka zoezi la sarufi. Akituma ananiuma, lakini atabaki nje.

Ukiwa huna programu, anzia mwisho wa neno. Maneno ya Kiswahili huishia kwa irabu, isipokuwa machache ya mkopo, kwa hiyo kisanduku cha mwisho kina majibu matano tu. Kitenzi kikiwa cha asili ya Kibantu ni A moja kwa moja. Rudi, jibu na samehe ni wageni. Kisha tazama irabu ya ndani. Pika hutoa pikia, ruka hutoa rukia, kaa hutoa kalia, lakini soma hutoa somea na omba hutoa ombea. Yaani E au O ikiwa kwenye shina, mwisho huwa -ea na si -ia. Hii ndiyo kanuni ninayoipenda kuliko zote. Ukishika O, E na A, huna haja ya kupekua kichwa kizima: somea, ombea, tokea, pokea, potea, ongea. Konsonanti mbili zinatosha kukamilisha, na wakati mwingine moja tu, kama zoea.

Konsonanti nazo zina majirani zao. M hukaa mbele ya B na V, N mbele ya D, G, J, Y na Z. Nb usiitafute. C haitembei bila H, na Q na X hazimo kabisa. Jihadhari na H: ukiomba maneno yenye H utaletewa pia yenye ch, sh, th, dh na gh, na ghadhabu italeta mbili kwa pamoja.

Wanaocheza Kiswahili kwa kete za Kiingereza wana shida nyingine. Alfred Butts, aliyebuni Scrabble miaka ya 1930, alihesabu herufi katika magazeti ya Kiingereza, ndiyo maana E ziko 12 na A 9, na K ni moja tu, ya pointi 5. Kuku haiandikiki bila kete tupu, ile isiyo na herufi inayoshika nafasi ya herufi yoyote. Kaka vilevile. Ongezeni K kutoka seti ya pili na toeni Q na X.

Kuna pia ng'. Katika orodha zangu alama ile naihesabu kuwa sehemu ya herufi, kwa hiyo ng'ombe ni herufi tano: ng', o, m, b na e, kwa kuwa m na b kila moja ina kete yake. Kwenye ubao usio na kete ya ng', wekeni N na G na mkubaliane kwamba alama inasomwa bila kuandikwa. Ng'ombe itakula kete sita.