Rambo tulishazizika, tairi je?

Juzi tena. Nimeinama mtaroni Jangwani, Dar es Salaam, suruali imelowa hadi magotini, chupa ya kioo mkononi, jamaa akaniita kutoka juu ya daraja: "Mtaalamu, unatafuta plastiki gani wakati rambo zilishapigwa marufuku?" Nimeshaulizwa swali hilo kwenye semina, kwenye daladala, hata na mjomba wangu harusini. Leo naandika, ili mwingine akiuliza nimtumie hii nikaendelee na kazi.

Mifuko ya plastiki, yaani rambo, ilipigwa marufuku 1 Juni 2019 na mitaro ikapumua kidogo. Sibishi. Ila mimi natafuta maikroplastiki, yaani kipande chochote cha plastiki kisichofika milimita 5, na vyanzo ni vingi: chupa zilizokaukia juani, nyuzi za nguo, rangi ya mistari ya barabarani. Hivyo tuviache. Twende kwenye tairi.

Tairi jipya lina meno, likizeeka tunaliita kipara. Yale meno yamekwenda wapi? Yako Barabara ya Morogoro, punje nyeusi nyeusi, yamejichanganya na mchanga pembeni mwa lami yanasubiri masika. Na tafadhali usiniambie tairi si plastiki eti kwa kuwa mpira hutoka kwenye mti. Tairi la leo ni mpira wa mti, mpira unaotokana na petroli, masizi na kemikali kibao, vyote chungu kimoja. Mvua ikishuka, maji ya barabarani hayapiti mtambo wowote wa kusafisha: mtaro, Mto Msimbazi, bahari pale Salenda. Basi.

Kule San Francisco, utafiti uliotolewa 2019 ulikadiria kuwa maji ya mvua huingiza kwenye ghuba yao vipande trilioni 7 kwa mwaka, takriban mara 300 ya vinavyotoka kwenye mitambo ya majitaka. Karibu nusu ya vile vya maji ya mvua vilikuwa vyeusi na vinanesa kama mpira.

Sasa kinachonipandisha presha. Mtu anachota maji, anapima, anatangaza kuwa "hatukukuta tairi". Ulipimaje, ndugu yangu? Wengi wetu tunatenganisha plastiki na mchanga kwa maji ya chumvi ya mezani, ambayo hata yakikolea kabisa uzito wake ni kama mara 1.2 ya maji matupu. Rambo inaelea vizuri. Punje ya tairi, ikishabandikwa mchanga na vumbi la lami, inazama na kumwagwa pamoja na tope. Ile chache itakayoelea unaipeleka kwenye mashine ya infraredi, inayotambua plastiki kwa mwanga usioonekana kwa macho, nayo haioni kitu, kwa sababu masizi ya tairi yanameza mwanga wote. Halafu ripoti inaandikwa kwamba haipo! Ni sawa na kutafuta paka mweusi usiku umefumba macho, kisha ukatangaza mtaa hauna paka.

Na mimi siko salama. Bila mashine ya kuunguza sampuli na kusoma gesi yake, ninachofanya ni kubana punje kwa kibano chini ya hadubini. Ikinesa na kurudi umbo lake, naandika "tairi". Ikibonyea na kuchafua kioo, "lami". Ikifika saa ya nne mezani, siwezi kuapa. Mwenzangu akihesabu sahani ileile anapata idadi nyingine. Vitabu pia vinasema mvua ya mwanzo ndiyo hubeba uchafu mwingi. Kwenye mitaro yetu iliyoziba nina wasiwasi: mara nyingi naona maji meusi zaidi pale taka zinapofumuka, mvua ikiwa katikati.

Madhara? Mwishoni mwa 2020 wanasayansi wa jimbo la Washington, Marekani, walionyesha kuwa dawa ya kulinda tairi, 6PPD, ikikutana na ozoni hugeuka sumu inayoua samoni aina ya coho. Baadhi ya aina nyingine za samaki hustahimili. Kwa hiyo usinibebeshe perege wa Msimbazi, siwezi kumsemea kwa damu ya samoni.

Ukinibana niseme pa kuanzia, nitakuonyesha ule mchanga mweusi wa pembeni. Wafagiaji wanaukusanya vizuri kabisa tangu alfajiri, halafu marundo yanaachwa kando ya mtaro siku tatu, nne, hakuna gari la kuyazoa. Mvua inakuja inamalizia kazi.

Jamaa wa darajani nilimweleza yote haya. Akatikisa kichwa, akasema "kweli elimu haina mwisho", akawasha bodaboda yake. Tairi la nyuma, kipara.