Mgonjwa wa mapafu na anayemuuguza wana la kusema katika kupanga huduma

Mwenye ugonjwa sugu wa mapafu huonana na daktari dakika chache tu, mara moja kwa mwezi au kwa miezi mitatu. Siku nyingine zote yuko nyumbani na kifua chake, na anayemsikia akikohoa saa nane za usiku ni mkewe, bintiye au mjukuu anayelala naye chumba kimoja. Hao ndio wanaojua kuwa kifua hubana jiko la mkaa linapowashwa, na kwamba mzee ameacha kwenda msikitini kwa sababu ya kile kilima kifupi cha njiani. Kwenye faili hayo hayamo. Faili linasema "anaendelea vizuri".

Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978, la mkutano wa kimataifa kuhusu huduma za afya ya msingi, lilishatamka kuwa watu wana haki na wajibu wa kushiriki, mmoja mmoja na kwa pamoja, katika kupanga na kutekeleza huduma zao za afya. Hapa Tanzania tumeona matunda yake. WAVIU washauri, yaani watu wanaoishi na VVU wanaowashauri wenzao, wamekuwa nguzo ya kliniki za VVU, na waliopona TB wanapita mitaani kuwatafuta wenye kikohozi. Kwa pumu, COPD (ugonjwa sugu unaoziba njia za hewa) na makovu ya mapafu, bado tunapanga huduma peke yetu, sisi wenye makoti meupe. Naamini ndiyo maana baadhi ya mipango yetu inakwama.

Tuangalie inhela ya salbutamol, dawa ya kufungua njia za hewa haraka, ile ya kubonyeza. Kopo la kawaida lina mibonyezo 200. Aliyeandikiwa mibonyezo miwili mara nne kwa siku atalimaliza kwa siku 25, lakini tarehe yake ya kurudi ni baada ya siku 30. Siku tano hana dawa, na hakuna aliyekusudia iwe hivyo. Mgonjwa analijua pengo hilo tangu mwezi wa kwanza. Tungemuuliza wakati wa kupanga tarehe, tungeliziba. (Na mwenye pumu anayehitaji salbutamol kiasi hicho apitiwe upya matibabu yake, hasa kama hajapewa inhela ya kutuliza uvimbe ndani ya njia za hewa.)

Kisha kuna namna ya kuivuta. Ukimuuliza mgonjwa kama anatumia dawa, atasema ndiyo. Mwambie akuonyeshe. Utamkuta mmoja hatikisi kopo, mwingine anabonyeza akiwa ameshamaliza kuvuta pumzi, na dawa inaishia mdomoni. Spesa, kile chombo kinachopachikwa kwenye inhela ili dawa ikae humo kwanza ndipo ivutwe, husaidia sana hapo. Isipopatikana, chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa kitakoni, tundu likaibana inhela barabara, inafaa. Utafiti wa Cape Town uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha hivyo kwa watoto wenye pumu. Ila chupa hiyo itaishi nyumbani kwa mtu, mezani au juu ya kabati, ambako dada wa kazi anaweza kuitupa akidhani ni takataka. Mama wa mtoto mwenye pumu anajua aiweke wapi na amwelekeze nani. Mafunzo ya inhela yanayomwacha mama huyo nje ya mlango ni nusu ya mafunzo.

Kundi linaloniumiza zaidi ni la waliomaliza dawa za TB. Vijidudu vimekufa, kadi imefungwa, lakini mapafu yamebaki na makovu na mtu anahema akipanda ngazi. Akirudi na kikohozi, makohozi yanapimwa, TB haionekani, anaambiwa hana tatizo. Wengine huanzishiwa dawa za TB upya bila uthibitisho. Huko Uganda, katika Hospitali ya Mulago, watu kama hawa walipewa mazoezi tiba ya mapafu mara mbili kwa wiki kwa wiki 6, pamoja na elimu, na wakapata nafuu. Mazoezi yenyewe hayadai mashine ghali. Kinachodaiwa ni nauli, na siku mbili za kibarua kila wiki kwa mgonjwa na kwa anayemsindikiza. Kwa hiyo swali la wapi, siku gani na saa ngapi halina budi kuamuliwa nao, kabla ratiba haijabandikwa ukutani.

Sanduku la maoni halitoshi. Wenzangu wa kliniki, waiteni wagonjwa na wauguzaji kadhaa, wakiwemo wasioweza kuja kliniki kila mara, maana wanaohema sana ndio hukosekana mkutanoni. Kaeni chumba kisichohitaji kupanda ngazi, au wapigieni simu. Rudisheni nauli. Wauguzaji wapewe muda wao peke yao. Mke hawezi kusema mbele ya mumewe kwamba amechoka kuamka usiku, wala mwana hatasema kuwa mzee bado anavuta sigara uani. Na mkutano unaofuata uanze kwa kuwaeleza lipi katika waliyosema limefanyika, lipi limeshindikana, na kwa nini. Bila hilo hawatakuja mara ya tatu, na watakuwa na haki.

Nawe mgonjwa, usingoje kualikwa. Siku ya kliniki nenda na dawa zako zote, hata makopo matupu, na mtu unayeishi naye. Andika kwenye daftari siku ulizoamka usiku, siku ulizokosa dawa na kazi uliyoshindwa kumaliza. Kituo chako kina kamati ya usimamizi yenye wawakilishi wa wananchi. Uliza ni akina nani, na uwaambie kama inhela hazipatikani. Lakini ukishindwa kumaliza sentensi kwa kuhema, au midomo ikageuka rangi ya bluu, nenda hospitali saa hiyo hiyo, na anayekuuguza aende nawe ili aeleze kilivyoanza.