Maana ya chanzo cha kosa katika maktaba sanifu ya Rust

Katika Rust, lugha ya kuandikia programu ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2015, kazi (function) inayoweza kushindwa hurejesha Result, aina yenye sura mbili: Ok iliyobeba jibu, au Err iliyobeba kosa. Result yenyewe haibagui aina ya kosa, na hata maandishi matupu yanaweza kukaa humo. Masharti huanza pale mwandishi anapoipa aina yake sifa (trait) ya Error: hapo hudaiwa namna mbili za kuliandika kosa, Debug kwa ajili ya mtengenezaji na Display kwa ajili ya msomaji wa kawaida, tena huruhusiwa kuandika source, mbinu inayorejesha kosa la chini lililosababisha hili la juu.

Kanuni inayosomwa kwa haraka mno ni hii: kosa lenye chanzo ama likirejeshe kupitia source, ama liingize ujumbe wake ndani ya Display, lakini kamwe lisifanye yote mawili.

Tuchukue programu ya chama cha msingi cha ushirika huko Tandahimba, inayosoma faili la uzito wa korosho zilizopokelewa ghalani. Karani ameandika 8O, herufi O mahali pa sifuri. Mbinu ya parse, inayogeuza maandishi kuwa namba, inarejesha ParseIntError, kosa la namba isiyosomeka, nayo programu inalifunga ndani ya kosa lake lisemalo kuwa uzito wa mstari wa 14 haukusomeka. Iwapo Display ya kosa hili la juu inataja pia ujumbe wa ParseIntError, na papo hapo source inalirejesha, msimbo wa kuripoti unaofuata chanzo baada ya chanzo utaandika sababu ileile mara mbili. Makosa yakifungwa hivyo tabaka nne, itaandikwa mara nne, na karani aliyepaswa kusahihisha herufi moja tu atadhani faili zima limeharibika.

Kompaila, yaani programu inayotafsiri msimbo, haimzuii mtu kuivunja kanuni hii, kwa hiyo ni juu ya mwandishi kuchagua. Kwa programu ya mwisho kama hii ya ghala, naona source ndiyo njia iliyo bora, maana kila tabaka husema jambo lake tu. Anayeandika maktaba, yaani mkusanyiko wa msimbo wa kutumiwa na wengine, afikiri zaidi, kwa sababu kosa lililotolewa kupitia source linaweza kutambuliwa aina yake halisi kwa mbinu ya downcast_ref, na watumiaji wakishaitegemea aina hiyo, kubadilisha maktaba ya ndani kutavunja programu zao. Anayetaka kuificha aina hiyo aweke ujumbe wa kosa la ndani katika Display na kuiacha source irejeshe None, yaani hakuna kitu.