Gari kuchemsha maana yake nini hasa

Watu wengi wakisikia gari inachemsha wanaelewa kwamba maji yameisha, kwahiyo wanajaza maji, wanawasha, wanaondoka, na wiki mbili mbele injini inashushwa. Inaniuma sana nikiona hivyo maana mara nyingi kitu kilichoanza ni kidogo tu. Kuchemsha maana yake joto linalozalishwa kwenye injini ni jingi kuliko linalotolewa nje, basi, na maji kupungua ni sababu moja tu kati ya nyingi.

Mzunguko wenyewe wa kupoza injini uko hivi: wota pampu inasukuma kulanti (maji ya kupoza injini) ipite kwenye bloku (mwili wa injini) na silinda hedi (sehemu ya juu inayoifunika) kubeba joto, ikishapata moto thamostati, yaani kilango kinachofunguka kwa joto, inafunguka (nyingi ni kati ya digrii 82 na 95), kulanti inaenda kwenye rejeta, upepo unaipoza, inarudi tena ndani. Popote mzunguko huo ukikwama gari itachemsha.

Alafu kuna mfuniko wa rejeta, huu watu wanaudharau mno. Kazi yake sio kuzuia maji yasimwagike tu, ndani una springi inayoshikilia presha, mingi utakuta imeandikwa 0.9 au 1.1 (ni kipimo cha presha, kama bar hivi), na presha hiyo ndo inafanya maji yasichemke kwenye digrii 100 mpaka yafike kama 120 hivi. Mpira wake ukichoka presha haikai, maji yanachemka mapema yanakimbilia tenki la akiba, na wewe uko bize unabadilisha pampu. Na ndo maana mfuniko haufunguliwi injini ikiwa ya moto, maji yako digrii 110 na hayajachemka kwasababu yamebanwa, ukiyaachia yanageuka mvuke hapohapo yanakurukia usoni. Subiri mpaka uweze kushika hozi ya juu ya rejeta bila kuungua, na hata hapo weka kitambaa ufungue taratibu.

Kwenye kutafuta tatizo, swali la kwanza ni inachemsha muda gani. Ikichemsha kwenye foleni alafu ukianza kutembea mshale wa joto kwenye dashibodi unashuka, anza na feni ya rejeta: fyuzi, rilei, sensa, mota yenyewe. Ikiwa kwenye foleni iko poa ila ukipanda mlima au ukienda spidi muda mrefu ndo inapanda, feni iache kwanza maana upepo hapo upo wa kutosha, angalia rejeta kama imeziba kwa kutu ndani au mapezi ya nje yamejaa matope, na hozi ya chini kama imelainika inanywea pampu ikivuta. Na ikichemsha mapema tu baada ya kuwasha, maji yapo, injini ya moto na rejeta yenyewe bado ya baridi, mara nyingi thamostati hiyo imegoma kufunguka.

Hapa kwenye thamostati naomba nikae kidogo, kwasababu kuna mazoea ya kuitoa kabisa na kuitupa eti gari ipoe vizuri. Injini bila thamostati inachelewa kupata joto lake, kompyuta inadhani bado asubuhi inaendelea kumwaga mafuta mengi, ulaji unapanda na injini inachakaa haraka. Na kuna injini ambazo thamostati ikifunguka inaziba njia ya mkato ya maji, ukiitoa ile njia inabaki wazi muda wote, sehemu ya maji inazunguka bila kupita kwenye rejeta, kwahiyo umeitoa ili ipoe na ndo umeongeza kuchemsha! Nunua nyingine ya digrii zilezile uweke.

Mshale ukipanda ukiwa barabarani, zima eisii, washa hita ya moto mpaka mwisho na feni yake (inavuta joto kutoka kwenye injini, utatoka jasho lakini inasaidia), tafuta pa kusimama, zima. Usimwage maji ya baridi kwenye injini ya moto, chuma kinaweza kupasuka. Na mshale ukishuka ghafla wenyewe usifurahi, inawezekana maji yameisha kabisa na sensa inapima hewa.

Kama maji yanapungua na huoni yanapovuja, moshi mweupe unatoka hata injini ikiwa imeshapata moto, au oili imegeuka rangi ya maziwa, hiyo mara nyingi ni gasketi ya hedi (ile inayokaa kati ya bloku na hedi kuziba), na dawa za kumwaga kwenye rejeta hazitakuokoa. Hedi ifunguliwe ipimwe kama imepinda kabla ya kuweka gasketi mpya, kwasababu hedi nyingi ni za aluminiamu na joto likizidi zinapinda, ukifunga gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda utarudi palepale.

Ukimaliza kazi yoyote iliyomwaga kulanti toa hewa, jaza taratibu, washa hita, acha injini isailensi (iungurume bila kukanyaga mafuta) mpaka feni ya rejeta iwake yenyewe. Hita ikitoa upepo wa baridi wakati mshale uko katikati, bado kuna hewa humo ndani au kulanti haijajaa.