Haki ya maji ya kumwagilia: maana yake kwa mkulima aliye chini ya mgodi

Haki ya maji ya kumwagilia ni ruhusa ya kisheria ya kuchukua maji kutoka mtoni, ziwani au ardhini na kuyapeleka shambani. Ni ruhusa ya kutumia tu. Hapa Uganda mto hauna mwenyewe. Katiba ya 1995 inasema ardhi ni ya wananchi, lakini ibara hiyohiyo, ya 237, inaiweka mito, maziwa ya asili na ardhioevu mikononi mwa serikali kama amana ya watu wote. Sheria ya Maji nayo inaikabidhi serikali haki zote za maji. Kwa hiyo hata kama shamba lako lina hati, liwe la mailo (umiliki wa kudumu wa ardhi, hasa Buganda) au la kimila, kijito kinachopita katikati yake si chako. Wengi tumelelewa tukidhani aliyerithi shamba karithi na mto.

Na chini ya udongo? Madini yaliyomo, kwa ibara ya 244, yako mikononi mwa serikali kwa niaba ya Jamhuri. Basi mkulima anabaki na tabaka la katikati: udongo anaoulima. Ushike vizuri mpangilio huu, maana mgodi unapoharibu, huharibu hapo katikati.

Sheria haikumwacha mkulima mdogo mikono mitupu. Anayeishi kwenye ardhi yenye chanzo cha asili anaruhusiwa, bila karatasi yoyote, kuchota maji ya nyumbani, kuzimia moto na kumwagilia bustani ya chakula cha familia. Ukifunga pampu ya injini mtoni, umetoka kwenye ruhusa hiyo. Vilevile ukijenga banio au bwawa linaloweza kuchepusha zaidi ya mita za ujazo 400 kwa saa 24. Hapo Kanuni za Rasilimali za Maji za 1998 zinakutaka uwe na kibali, na ombi linapelekwa Wizara ya Maji na Mazingira. Mita 400 si haba: kwa zao linalokunywa milimita 5 kwa siku, zinatosha hekta 8. Ila vijana wa vitunguu na nyanya wenye pampu ndogo za petroli, ambao kiasi chao hakifiki hata robo ya hapo, nao wamo kwa sababu ya injini. Wengi hawajui, na asiyejua hana karatasi ya kuonyesha siku maji yanapogombaniwa.

Katika nchi nyingine mjadala wa haki ya maji na migodi huzungumziwa kwenye makaa ya mawe. Kwetu mfano uko Kasese, magharibi mwa Uganda, na ni wa shaba. Mgodi wa Kilembe, kwenye miteremko ya Rwenzori, ulianza kuzalisha mwaka 1956, mwaka ambao reli nayo ilifika Kasese, ukasimama mwaka 1982. Mto Nyamwamba unapita katikati ya bonde la mgodi huo, unashuka hadi mji wa Kasese, unaendelea hadi Ziwa George. Kando yake yamelala mamilioni ya tani za mabaki: mawe yaliyosagwa, shaba ikatolewa, vumbi likaachwa.

Kaskazini kidogo ya mji kuna skimu ya umwagiliaji ya Mubuku, iliyoanzishwa miaka ya 1960. Maji yake yanatoka mito ya Mubuku na Sebwe, ambayo haipiti Kilembe. Mto Mubuku una watumiaji wengine pia. Mitambo ya umeme, ukiwemo ule uliojengwa kwa ajili ya mgodi, huyachukua maji, huyazungusha na kuyarudisha mtoni. Mimi huyaita maji ya kukopa. Ya mkulima ni maji ya kula: mmea ukishayanywa, hayarudi. Kwenye kibali maji ya aina zote mbili yanaandikwa kwa mita za ujazo, na msomaji asiyejua anaweza kudhani mtambo wa umeme unaumaliza mto kuliko mashamba yote ya bondeni.

Lakini hesabu ya mita ina upungufu mkubwa zaidi ya huo. Haisemi maji ni ya namna gani.

Mawe ya shaba ya Kilembe yana paireti, madini ya chuma na salfa yanayong'aa kama dhahabu. Yakiwa ndani ya mwamba yametulia. Yakisagwa yakakutana na hewa na mvua, salfa yake inageuka asidi, na asidi hiyo inayeyusha metali zilizobaki kwenye mawe na kuziingiza majini. Migodi ya makaa ya mawe ina balaa hilohilo, kwa kuwa paireti hukaa kwenye makaa pia. Hali hiyo haikomi mgodi unapofungwa; mabaki yanaendelea kuchacha kila mvua inaponyesha. Watafiti waliopima udongo na maji ya bonde la Kilembe wamekuta shaba na kobalti kwa viwango vya juu.

Shambani, shaba inapozidi, kwanza mizizi hudumaa. Majani yanakuwa ya njano, kwa sababu mmea unashindwa kupata chuma. Mkulima anadhani mbolea imepungua, anaongeza mbolea. Na metali haiozi ikaisha kama samadi. Kila umwagiliaji unaacha kidogo juu ya kile cha msimu uliopita. Mafuriko hufanya kwa siku moja kazi ya miaka. Nyamwamba ulipofurika Mei 2013, na tena Mei 2020, ulikuwa unapita kwenye bonde lenye mabaki hayo.

Sasa rudi kwenye tabaka la katikati. Madini ya serikali, yakibebwa na maji ya serikali, yanatua juu ya udongo wako. Mita zako za ujazo zimetimia, na hakuna aliyekuibia hata ndoo moja. Kwa maoni yangu, haki ya maji isiyosema lolote kuhusu usafi wa maji hayo ni nusu ya haki, na nusu ya pili mkulima anapaswa kuitafuta kwenye milango mingine ya sheria.

Milango hiyo ipo. Sheria ya Maji inakataza uchafuzi, na anayemwaga maji taka ya kiwandani au mgodini anahitaji kibali chake, tofauti na kile cha kuchota. Ibara ya 39 inampa kila Mganda haki ya mazingira safi na yenye afya, hata yule asiye na kibali chochote. Chini ya Sheria ya Mazingira ya 2019, mgodi lazima ufanyiwe tathmini ya athari kabla ya kuanza. Hapo wakazi wa bondeni wanapaswa kuuliza maji ya mgodi yatatokea wapi, na nani atayalinda mabaki siku kampuni ikiondoka.

Mizani hukwama kwenye ushahidi. Ukisema udongo wako umeharibika, utaulizwa ulikuwaje kabla. Na kwa kuwa kuufufua mgodi wa Kilembe kumezungumzwa mara nyingi, kipimo cha kabla kina faida leo. Kusanyeni maji ya mfereji na udongo wa mashamba kadhaa, mpeleke maabara inayotambuliwa, mwandike tarehe na mahali, nakala moja ibaki kwa mwenyekiti wa LC, yaani baraza la mtaa. Wakati wa kiangazi chumvi za metali hukauka juu ya mabaki kama unga. Mvua ya kwanza huzikomba zote kwa pamoja na kuziteremsha mtoni. Chupa ya maji ya siku hiyo ndiyo isikosekane.